Maswali ya Wasomaji: Kuikagua Saketi kwa Macho Kabla ya Kuipeleka kwenye Kikokotozi

Barua nne zilizochaguliwa mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zote zinagusa jambo moja: mtu ayatumieje macho yake kabla ya kuiachia kompyuta ikokotoe namna mawimbi ya sumakuumeme yanavyopita ndani ya saketi aliyoibuni. Nimeifupisha kila barua na kuijibu kwa kadiri ilivyohitaji. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndani yake kuna makosa mengi yanayoweza kujificha.

Swali. Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mawasiliano, ninaishi Kijitonyama. Nimebuni antena ya bamba ya gigahezi 2.45 juu ya bodi ya FR-4 yenye unene wa milimita 1.6, nikaiingiza kwenye openEMS, programu ya kukokotoa mawimbi ya sumakuumeme. Programu ilikokotoa usiku kucha bila kutoa kosa lolote, lakini asubuhi nilikuta mchoro wa mawimbi yanayorudi umelala karibu na desibeli sifuri kuanzia gigahezi 1 hadi gigahezi 4. Msimamizi wangu aliniambia neno moja tu, kwamba niiangalie modeli yangu kwanza. Niangalie nini, ilhali nimeichora mwenyewe na ninaijua?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo gumu. Unachokijua ni kile ulichokusudia kuchora. Kikokotozi hakina habari na kusudi lako. Kinapokea masanduku, silinda na pembenyingi zenye namba, kisha kinatatua milinganyo ya Maxwell kwa umbo lile lile kilichopewa, na milinganyo hiyo ina jibu sahihi hata kwa kipande cha shaba kinachoelea hewani bila kuguswa na chochote. Ndiyo maana hukupata ujumbe wa kosa. Ulipewa jibu kamili la swali ambalo hukulenga kuliuliza.

Mchoro uliolala karibu na desibeli sifuri katika masafa yote unaeleza kwamba takriban nishati yote uliyoiingiza imerudi ilikotoka. Antena iliyokosewa kidogo huonyesha bonde, ila mahali pasipotarajiwa. Isiyoonyesha bonde lolote, mara nyingi, ina moja ya hitilafu tatu: vipimo vyake viko mbali kabisa na vilivyokusudiwa, au poti, yaani mlango wa kuingizia mawimbi, haigusi shaba, au njia ya kuingizia mawimbi imepigwa shoti na bamba la ardhi, yaani shaba ya upande wa chini wa bodi. Zote tatu zingeweza kuonekana kwa macho kabla ya kuanza kukokotoa, na usiku wako ungesalimika, achilia mbali hatari ya umeme kukatika saa tisa usiku na kazi yote kupotea.

Fungua modeli katika AppCSXCAD, programu ya kutazamia maumbo ya openEMS, na kabla ya kuizungusha ili uifurahie, soma ukubwa wake. Kwa FR-4 yenye thabiti ya dielektriki ya karibu 4.4, bamba la gigahezi 2.45 huwa na urefu wa takriban milimita 29 na upana wa takriban milimita 37, na njia ya shaba ya omu 50 juu ya bodi ya unene huo huwa na upana wa karibu milimita 3. Programu nyingi za kuchorea bodi hutumia pia kipimo cha mili, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi, ambayo ni sawa na milimita 0.0254. Namba zilizoandikwa kwa mili zikisomwa kama milimita, bamba lako linakuwa na urefu unaozidi mita moja. Kosa likienda upande wa pili, linakuwa na urefu usiofika hata milimita moja, na antena ndogo kiasi hicho haiwezi kuonyesha bonde lolote kati ya gigahezi 1 na 4. Kwenye skrini bamba sahihi, bamba la mita moja na bamba la chini ya milimita moja yanafanana kabisa, kwa kuwa programu hukuza au kupunguza picha ili ijae dirisha. Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi hapa. Ni lazima lisaidiwe na namba za mhimili. Mimi hupenda kuweka kando ya umbo lililoingizwa kutoka nje mchemraba wa hewa wenye ubavu wa milimita 10, ambao haubadilishi ukokotoaji lakini unaumbua mara moja faili lililokuja kwa kipimo kingine.

Baada ya hapo itazame ubavuni. Watu wengi huitazama saketi kutoka juu kwa sababu ndivyo walivyoichora, na kutoka juu kila kitu huonekana kimeungana, hata vitu vilivyoachana kwa nusu milimita. Hapo utakutana na tatizo la uwiano: shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikromita 35, wakati bodi yenyewe ina urefu wa makumi ya milimita, kwa hiyo ukiitazama ubavuni kwa vipimo vyake halisi utaona ufito tu. AppCSXCAD inaweza kuyaandika maumbo katika faili la VTK, nayo programu ya ParaView inakuruhusu kulikuza faili hilo upande wa wima peke yake, mara kumi au ishirini, kwa ajili ya kutazama tu. Ukilikuza hivyo utaona kama bamba limelala juu ya uso wa bodi, limezama ndani yake au limeinuka kidogo, na utaona kama vile vitobo vilivyopakwa shaba, ambavyo mafundi huviita via, vinafika kweli kwenye bamba la ardhi au vinaishia njiani.

Poti inastahili kutazamwa peke yake. Ficha kila kitu isipokuwa shaba ya juu, shaba ya chini na poti. Katika modeli kama yako poti ni kisanduku kinachosimama kati ya bamba la ardhi na njia ya shaba, na kinapaswa kuujaza urefu wote wa milimita 1.6, bila kuzidi wala kupungua. Kikiishia kwenye 1.5 kwa sababu ulibadilisha unene wa bodi baadaye na ukasahau kubadilisha namba ya poti, mawimbi yako hayana mlango wa kuingilia. Tazama pia mwelekeo wake: poti iliyolazwa ikielekea pembeni, wakati uwanja wa umeme unatakiwa kusimama wima, ni kosa linaloonekana kwa jicho la kawaida, lakini hakuna anayelitafuta. Katika kukagua huko angalia kama njia ya kulishia, au via iliyo karibu nayo, haijagusa ardhi mahali pasipostahili, maana hapo ndipo shoti inapozaliwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Picha ya AppCSXCAD inaonyesha maumbo uliyoyaeleza. Haionyeshi kile ambacho kikokotozi kitakielewa baada ya kuyakata maumbo hayo kwa wavu wake, yaani mistari inayoigawa nafasi kuwa vijumba. Mahali ambapo shaba na dielektriki, yaani dutu ya bodi isiyopitisha umeme, zimepandana, ushindi unakwenda kwa umbo lililopewa kipaumbele cha juu zaidi, na picha inaweza kukuonyesha yote mawili yakiwa yamekaa kwa amani huku ndani ya ukokotoaji shaba imekwisha kumezwa. Vilevile shaba iliyochorwa bila unene, kama wengi tunavyofanya ili kupunguza kazi ya kompyuta, ni lazima ilale juu ya mstari wa wavu. Ikipita katikati ya mistari miwili, inaachwa nje kabisa. openEMS hutoa tahadhari kuhusu umbo lisilotumika, lakini tahadhari hiyo hupita mwanzoni mwa maandishi mengi, na mtu aliyekwisha kuzima taa akalala hawezi kuiona. Wewe umeandika kwamba programu haikutoa kosa lolote. Naamini hivyo, ila sina hakika kama uliyasoma maandishi yake ya mwanzo.

Njia ya kuona kile kilichoeleweka ipo. Endesha openEMS kwa amri ya --debug-PEC pamoja na --no-simulation; itaandaa kila kitu, itaandika faili linaloonyesha ni kingo zipi za wavu zimehesabiwa kuwa metali, kisha itasimama bila kukokotoa. Lifungue faili hilo katika ParaView. Utaona antena yako ikiwa imetengenezwa kwa vijiti vidogo vinavyofuata wavu, haina uzuri wowote, na ndiyo antena ambayo kikokotozi kitaitumia. Pengo kati ya poti na shaba litaonekana hapo kama pengo. Bamba lililoachwa nje halitakuwapo. Kwa dielektriki ipo amri mwenzake ya --debug-material, na ni vizuri kuitumia walau mara moja kwa kila modeli mpya.

Wavu wenyewe nao utazame. Njia hii ya ukokotoaji, iliyowekewa msingi na Kane Yee mwaka 1966, hugawa nafasi kuwa vijumba na muda kuwa hatua, na hatua ya muda hufungwa na kijumba kilicho chembamba kuliko vyote. Kama ukingo mmoja wa shaba uko kwenye milimita 14.50 na mwingine kwenye 14.51 kwa bahati mbaya ya kukadiria namba, na umeweka mstari wa wavu kwenye kila ukingo, umezaa kijumba chenye upana wa milimita 0.01. Hatua ya muda haitaweza kuzidi femtosekunde 33 hivi, wakati wavu wa kawaida wa bodi kama yako, wenye vijumba vinne katika unene wa dielektriki, ungeruhusu zaidi ya pikosekunde moja. Kazi inakuwa ndefu zaidi ya mara thelathini kwa ajili ya mistari miwili iliyosongamana, ambayo ukiutazama wavu kutoka juu huonekana kama mstari mmoja mnene. Nashuku kwamba ndiyo sababu antena ndogo kama hiyo ilikuchukulia usiku kucha.

Mwisho ni mipaka, nami sitakaa hapo sana: acha hewa ya kama robo ya urefu wa wimbi, yaani karibu milimita 30 kwa masafa yako, kati ya antena na mpaka unaonyonya mawimbi, na kumbuka kwamba mpaka wa aina hiyo uitwao PML_8 unakula vijumba vinane vya mwisho vya wavu wako, kwa hiyo hewa unayoiona kwenye picha ni kubwa kuliko iliyopo.

Swali. Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa bodi hapa Tabata. Ninatumia KiCad, programu ya kuchorea bodi, na wateja wangu wengi wanataka bodi za ESP32, ile chipu yenye Wi-Fi. Safari hii nimechora antena ya Wi-Fi juu ya bodi yenyewe badala ya kutumia moduli, na mpwa wangu aliyesomea uhandisi amekubali kuipima kwa kompyuta kabla sijaagiza bodi kutoka nje. Nimemtumia faili, naye ananiambia kwamba halina ardhi. Mimi katika mwonekano wa pande tatu wa KiCad naona bodi nzuri kabisa. Nani mkweli?

Jibu. Ndugu yangu fundi, naelekea kumwamini mpwa wako, ingawa nawe hukudanganywa na macho yako. Mwonekano wa pande tatu wa KiCad umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kujua kama soketi itaingia kwenye kasha na kama kapasita ndefu itagonga kifuniko. Unafanana na picha ya nyumba kwenye tangazo la mauzo: rangi ya ukuta unaiona, nondo huzioni. Rangi ya kijani inayofunika bodi huificha shaba iliyo chini yake, na bodi huonekana imekamilika hata kama chini ya rangi hiyo hakuna kitu.

Mambo mawili ndiyo ninayoyashuku. La kwanza ni kwamba maeneo ya ardhi hayakujazwa upya kabla ya kutoa faili. Katika KiCad eneo la shaba huchorwa kwanza kama mpaka mtupu, nalo hujazwa unapobonyeza herufi B; ukihamisha vipengele baadaye bila kulijaza tena, kinachotoka ni shaba ya zamani, au hakitoki chochote. La pili, kama ulimtumia faili la STEP, yaani faili la umbo la pande tatu, bila kuchagua kwamba shaba ijumuishwe, yeye amepokea ubao wenye matundu na sanamu za vipengele, wala hapana njia yoyote ya shaba ndani yake. Kwa kazi yake sanamu za vipengele ni mzigo tu, na shaba ndiyo kila kitu.

Kabla ya kumtumia tena, ondoa vipengele vyote kwenye mwonekano, zima rangi ya kijani na maandishi, kisha tazama tabaka moja moja. Chini na kando ya antena shaba iondolewe katika tabaka zote, kwa kuwa kipande cha ardhi kilichobaki upande wa nyuma huvuruga antena kabisa, nacho ni rahisi kukipita usipoigeuza bodi. Tazama visiwa vya shaba vilivyobaki peke yao bila via hata moja. Tazama ukingo wa ardhi pale ambapo antena inaanzia, maana antena ya aina hiyo hulitumia bamba la ardhi kama sehemu yake nyingine, na ukingo ulioliwa na njia za umeme unabadilisha masafa yake. Baada ya hapo fungua faili za Gerber katika programu tofauti na ile uliyochorea. Hizo ndizo zitakazokwenda kiwandani, na kwa kuwa bodi za kuagiza hutuchukulia wiki kadhaa kufika Dar es Salaam pamoja na shughuli za forodha, nusu saa ya kuzitazama ina faida.

Mpwa wako naye ana haki ya kuurahisisha mchoro wako: kufuta maandishi ya shaba, kuondoa matundu ya skrubu yaliyo mbali na kugeuza via za mviringo kuwa za pembe nane. Mwambie akutumie picha ya mchoro uliorahisishwa. Wewe ndiye unayejua kwamba lile tundu analoliona halina maana limekaa karibu na skrubu ya chuma.

Swali. Mimi ni mhandisi kijana, Ubungo. Ninajifunza kubuni saketi ndani ya chipu kwa kutumia teknolojia ya wazi ya nanomita 130 ya IHP, taasisi ya utafiti ya Ujerumani, na nimechora koili katika KLayout, programu ya kuchorea chipu. Faili la GDSII ni bapa. Nitakikaguaje kwa pande tatu kitu ambacho hakina upande wa tatu?

Jibu. Ni kweli kwamba GDSII, muundo uliotoka kampuni ya Calma mwishoni mwa miaka ya 1970, unabeba pembenyingi na namba za tabaka tu. Urefu kwenda juu na aina ya dutu havimo. Vyote viwili vinatoka kwenye faili jingine linaloeleza mpangilio wa tabaka, nalo hilo ndilo linalostahili kukaguliwa. KLayout ina mwonekano unaoyainua maumbo bapa kwa kufuata hati ndogo unayoiandika mwenyewe: tabaka fulani lianzie urefu huu, liishie urefu ule.

Kagua hasa tabaka za via. Katika teknolojia unayoitumia metali mbili za juu ni nene, TopMetal1 ina mikromita 2 na TopMetal2 ina mikromita 3, na koili kwa kawaida huzungushwa juu kwa TopMetal2 huku mkia wake ukipita chini kwa TopMetal1, nazo mbili huunganishwa na via ya TopVia2. Ukiisahau TopVia2 katika hati, au ukaipa urefu usiofika juu, mkia huo haujaungana na koili. Utapata matokeo ya kapasita badala ya koili, na hakuna mtu atakayekuambia. Mwonekano wa ubavuni unaonyesha ufa huo waziwazi ukikuza wima. Vivyo hivyo, makundi ya via ndogo ambazo kwa kawaida huunganishwa kuwa bonge moja kabla ya ukokotoaji yatazame kabla na baada ya kuunganishwa, kwa sababu zana ya kuunganisha ikipewa umbali mkubwa kupita kiasi inaweza kulichukua na kundi la jirani lisilohusika.

Swali. Nina kompyuta mpakato ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, na kila nikijaribu kuizungusha modeli inaganda. Nifanye nini? Msomaji, Mbagala.

Jibu. Usiizungushe. Ukaguzi mwingi nilioueleza hapo juu unaweza kufanywa kwa mikato bapa: mmoja kutoka juu katika kila tabaka la shaba, na mmoja wa wima unaopita katikati ya poti. Zima wavu wakati wa kutazama maumbo, na zima maumbo wakati wa kutazama wavu. Modeli ikiwa na via mamia, ficha zote ubakize zile zilizo karibu na poti, kisha uzikague nyingine sehemu kwa sehemu. Kwa uendeshaji wa kwanza weka wavu mpana, hata kama matokeo yatakuwa ya kukadiria, kwa kuwa poti isiyogusa shaba hujulikana hata kwenye wavu mbovu, na gigabaiti 4 zinautosha.